Mdogo wangu, walete watoto Mtwara likizo hii

Mdogo wangu,

Juzi kwenye simu ulisema watoto wakija kwangu Desemba nzima watachoka, kwa kuwa huku hakuna cha kufanya. Maneno hayo yamenikaa rohoni. Nakujibu hadharani kwa sababu wazazi wengi waliotoka kusini wakahamia Dar nawasikia wakisema hivyo hivyo, na inaniuma.

Desemba korosho bado zinaokotwa. Wanao wanaijua korosho ikiwa nyeupe, ndani ya pakiti. Hawajawahi kuiona ikining'inia nje ya bibo, lile tunda la mkorosho, na hawajui kuwa ganda lake lina mafuta yanayobabua ngozi. Hilo nitawafundisha kwanza: hakuna kung'ata korosho mbichi. Kisha tutawasha moto nyuma ya nyumba, mbali na nguo zilizoanikwa, tuweke lile debe nililolitoboa matundu, tuzikaange mpaka mafuta yashike moto yenyewe. Moshi ule si wa kuuvuta, kwa hiyo wao watasimama upande unakotoka upepo, fimbo ya kukorogea nitashika mimi. Zikiiva nyeusi tunazimwaga mchangani ili moto ufe na mchanga unywe mafuta. Zikipoa, kila mtu na jiwe lake. Ukigonga kwa pupa unapata chenga, ukigonga kwa woga ganda halipasuki. Yule wako wa pili, mwenye haraka na kila kitu, kazi hii itamfaa kuliko masomo ya ziada unayotaka kumlipia. Mabibo watakula palepale chini ya mkorosho. Wape nguo kuukuu, maana madoa yake hayatoki.

Binti yako ana jambo lake. Alipokuja mara ya mwisho alikaa karibu yangu akitazama vidole vyangu nikisuka ukili, ule utepe unaoshonwa kuwa mkeka, hakusema neno, ila hakuondoka. Nimeanza mkeka mpya. Ukindu, yale majani ya kusukia, umeshakauka, nimeuchana, na sehemu yake nimeichemsha na rangi nyekundu na ya zambarau. Tutasuka asubuhi na mapema, ukindu ukiwa umelowanishwa, kwa sababu jua likishapanda unakauka na kukatika mkononi. Ukili wenyewe unapimwa kwa pima, mikono yote miwili ikiwa imenyooshwa, na mkeka wa kulalia unameza pima nyingi kabla hujashika sindano ya kushonea. Sitaki amalize mkeka. Nataka asuke pima moja tu, hata ikipinda, niishone katikati ya zangu. Mama alinifanyia hivyo, na ule mkeka ninao mpaka leo.

Halafu kuna wanyama. Paka wetu Shombo anaijua kengele ya baiskeli ya muuza samaki kabla hata sisi hatujaisikia, na akishakula hulala juu ya ukili wangu, nami siwezi kumfukuza. Nimeanza pia kufuga njiwa. Jike hutaga mayai mawili, kisha yeye na dume hupokezana kuatamia kwa siku kama 18. Makinda yakianguliwa wazazi huyalisha maziwa yanayotoka kwenye gole, ule mfuko wa chakula kooni mwao. Likizo inatosha mtoto kuliona jambo hilo tangu yai hadi kinda, kwa macho yake. Kiota cha sasa kimebana, na mbao za boksi ninazo, kwa hiyo mkubwa wako atapiga misumari ya kingine. Simu zao waje nazo, sitawanyang'anya.

Siku moja tutakwenda Msimbati tushinde baharini, na wali wa nazi, samaki wa kukaanga, na ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kama itakuwa bado ipo sokoni. Eneo lile hadi maingilio ya Mto Ruvuma ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, kwa hiyo watoto wataogelea na kutazama, matumbawe hayang'olewi. Nitawaonyesha pia kwamba gesi iko kulekule. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982, na tangu 2015 inasafiri kwenye bomba hadi Dar kuzalisha umeme. Nataka wajue kuwa feni inayowapepea usiku inasaidiwa na huku ambako baba yao anasema hakuna kitu.

Na usinitajie njia. Wewe na mimi tumelala garini pale Ndundu tukingoja pantoni ya Rufiji, Mama akitugawia makopa ili tusilie. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Wanao watalivuka wakiwa wamesinzia.

Mabasi ya kusini hujaa sana Desemba, kata tiketi mapema. Mwambie wifi asiwafungashie viatu vingi, ndala zinatosha, ila dawa ya pumu ya mdogo asiisahau, na siku za kukaanga korosho huyo atabaki kwa jirani. Kuwachukua uje mwenyewe, usimtume mtu. Kaa japo siku tatu. Chumba cha uani nimeshakipaka chokaa, na kitanda cha Mama nimekikaza kamba upya.

Dada yako,
Mtwara