Difu ya pikapu yako

Rafiki yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Barua yako nimeipata. Nilipofika pale uliposema tairi la kushoto lilikuwa likizunguka bure kwenye tope na la kulia limetulia kabisa, niliwaza jinsi ulivyojisikia pale kwenye usukani, injini inavuma na gari halisogei hata shubiri. Unasema fundi amekushauri ufunge loka, yaani kifaa cha kufunga difu. Nakuomba usimpe hela kwanza.

Kosa si la injini. Difu, yale magia yaliyo katikati ya ekseli ya nyuma, ikiwa ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa sawa kwa magurudumu mawili ya nyuma, na haiwezi kulipa moja zaidi ya mwenzake. Lile la kwenye tope likimudu nguvu kidogo tu kabla ya kuteleza, basi na lile lililokanyaga ardhi ngumu litapata kidogo hichohicho. Ndiyo maana gari la kubeba tani nzima hushindwa na dimbwi lisilofika kifundo cha mguu. Ukizidi kukanyaga mafuta, unachimba shimo tu.

Loka anayokutajia fundi huyafunga magurudumu yote mawili yawe kitu kimoja, kisha hujiachia yenyewe kwenye kona. Kwenye matope ni kiboko, hapo sibishani naye. Lakini wewe gari hilo unaliendesha kila siku, mara nyingi halina mzigo, na sehemu kubwa ya safari zako ni lami. Loka hiyo hugonga ndani ya ekseli ikijiachia na kushika tena, na ukikanyaga mafuta kwenye kona wakati wa mvua, nyuma inaweza kukuponyoka. Pikapu tupu ni nyepesi nyuma. Gurudumu moja likiteleza, la pili bado huizuia isiende upande. Yakiteleza yote mawili, hakuna cha kuizuia. Hilo ndilo linalonitia hofu, maana najua asubuhi unapeleka watoto shule.

Ipo pia loka ya swichi, ya hewa kama ile ya kampuni ya ARB au ya umeme. Usipoigusa, difu inabaki ya kawaida. Ukiiwasha, inafunga kabisa. Kwa mtu wa kupanda miamba ningesema achukue hiyo. Kwako naona ni mzigo, na ukiisahau imewaka kwenye lami kavu, ekseli na matairi ndiyo yataumia.

Zimebaki difu mbili zinazobana bila kufunga kabisa, ya pleti na ya gia.

Ya pleti nimeishi nayo. Hubana kwa pleti za msuguano zinazosukumwa na springi, na ikiwa nzima ni nzuri sana. Ila siku moja, baada ya kubadilishiwa oili, nilikuwa nakata kona kali kutoka kwenye maegesho, nikasikia mngurumo wa kukatikakatika nyuma na sakafu ikitetemeka chini ya nyayo zangu. Nikadhani ekseli imekwisha. Kumbe oili iliwekwa bila kile kiongezeo cha kulainisha pleti. Nilikiweka, nikaenda uwanja mpana nikazunguka polepole kwa umbo la nane mara nyingi ili kiingie katikati ya pleti, na mngurumo ukaisha. Lakini pleti huisha. Miaka ilipopita, nguvu yake ya kubana ilizidi kupungua kila msimu wa mvua, hadi ikawa kama difu ya kawaida.

Kwa hiyo ushauri wangu ni ya gia, ile ya aina ya Torsen aliyoibuni Mmarekani Vernon Gleasman na kupewa hataza mwaka 1958. Kwa pikapu nyingi utaipata kwa jina la Truetrac. Haina pleti. Gia zake zina meno ya mshazari, na nguvu ikiingia husukumwa zikajibana kwenye ukuta wa kikombe chake, yaani kasha linalozibeba, hivyo gurudumu lenye mshiko hupelekewa nguvu mara kadhaa ya ile inayopokelewa na mwenzake. Huisikii ikifanya kazi. Udhaifu wake uujue mapema: gurudumu likining'inia hewani, halipokei chochote, na mara tatu ya sifuri ni sifuri. Hapo kanyaga breki taratibu huku unaongeza mafuta kidogo. Breki hulipa gurudumu linalozunguka bure kitu cha kushindana nacho, na mwenzake hupata nguvu.

Kabla hujaagiza, hesabu meno ya mwisho wa shafti za ekseli, na ujue uwiano wa krauni na pinioni, yaani gia kubwa ya difu na ile ndogo inayoizungusha, kama ni 3.73 au 4.10, kwa sababu kikombe kimoja hakikubali kila uwiano. Wakati wa kufunga, simama hapohapo. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni hupimwa kwa kipimo chenye uso na mshale kama wa saa, mara nyingi kati ya milimita 0.15 na 0.25, lakini kitabu cha gari lako ndicho kinachoamua. Meno hupakwa rangi ili alama ionyeshe yanakutana wapi. Fundi akikuambia yeye hupima kwa kutikisa na mkono, chukua gari lako uondoke. Difu iliyofungwa vibaya huanza kulia mapema, na ikishakula meno hairudi.

Baada ya hapo ni oili. Weka oili ya gia ya daraja la GL-5, ya uzito uliotajwa kwenye kitabu, na hii ya gia haitaki kile kiongezeo. Kama krauni na pinioni ni mpya, siku ya kwanza endesha kama dakika 20 kisha uache ipoe kabisa, usivute tela, na oili ile ya kwanza uimwage ukifika kilomita 800. Ukitaka kumwaga, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikigoma wakati oili yote iko chini, gari litalala hapo. Sumaku ya nati ya chini ifute kwa kidole: uji laini wa kijivu ni kawaida, lakini ukihisi vipande vinavyochoma ngozi, usiendeshe tena. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na mara nyingi ni kwa sababu umevuka maji ekseli ikiwa ya moto. Kagua na kile kitundu cha kupumulia juu ya ekseli, kikiziba sili huanza kuvuja.

Matairi ya nyuma yawe saizi moja na yamelika sawa.

Na tafadhali, ukishaifunga, usiwahi kupiga jeki gurudumu moja la nyuma ukaweka gia injini ikiunguruma. Hata lile la hewani likikwama kidogo tu, lile lililo chini linaweza kupata nguvu na gari likaruka kutoka kwenye jeki.

Niandikie idadi ya meno ya shafti na namba ya uwiano kabla ya kulipa chochote, nizilinganishe na orodha niliyo nayo.

Ni mimi rafiki yako,
nakusubiri.