Balada yako ya roki

Shangani, Mtwara

Swahiba,

Salamu sana. Demo yako, ile rekodi ya majaribio ya balada, imefika Mtwara salama. Sauti unayo, tatizo ni mpangilio: kila chombo kinaingia tangu mwanzo, kiitikio kinakosa pa kupandia.

Shusha mwendo hadi mipigo 72 kwa dakika. Ubeti wa kwanza uwe sauti na gitaa moja lisilo na distosheni (ule mkwaruzo wa sauti), kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, ziwe Am, F, C, G, ukichambua waya mmojammoja. Besi ije ubeti wa pili. Dramu zisubiri kiitikio, na mpigaji asijazejaze kila baa, yaani kila fungu la mipigo. Rolo moja, mapigo ya harakaharaka ya kuingilia, inatosha.

Gitaa zito la rithim lipigwe mara mbili kwa mkono, moja liende kushoto, la pili kulia. Ukinakili lilelile na kulibandika upande wa pili hupati upana wowote, unapata kelele zaidi katikati. Distosheni ipunguze kuliko unavyotamani, maana zikijumlishwa mbili kodi hazisikiki tena.

Solo baa 8. Ianze na melodi ya kiitikio, chini, ndipo ipande. Dilei, ule mwangwi wa gitaa, iweke milisekunde 417, yaani nusu ya pigo kwa mwendo huo. Halafu kiitikio cha mwisho kipandishe toni nzima: Am iwe Bm, F iwe G, C iwe D, G iwe A. Kijaribu hicho kabla ya vyote; kikikushinda, teremsha toni ya wimbo mzima.

Maneno sasa. “Moyo wangu umevunjika” futa, kila mtu kashaimba. Mtu anayepanda pantoni ya Msangamkuu bila kugeuka nyuma anauma zaidi. Na noti ndefu iangukie silabi ya pili kutoka mwisho: kwenye “umeniacha” vuta ile “a” kabla ya “cha”. Ukivuta “cha” unasikika kama mgeni anayejifunza Kiswahili.

Rekodi sauti kabla mvua za Novemba hazijaanza, kelele za mabati hazifutiki kwenye kompyuta. Feni zima, hata ukitota jasho. Godoro lisimamishe nyuma yako, siyo nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inatazama huko. Nyaya mpya za gitaa zifunge siku moja kabla, uzivutevute, la sivyo zitashuka sauti katikati ya solo. Ukimaliza zifute kwa kitambaa kikavu. Chumvi ya pwani yetu hii unaijua.

Nitumie faili za kila chombo peke yake, siyo wimbo uliokwisha changanywa.

Wako,
Swahiba wa Shangani