Ndiyo, ni mashudu ya karanga, na bei ni ileile

Wiki iliyopita mteja amerudisha pakiti mbili za yaji. Kasoma nyuma kwamba kiungo cha kwanza ni mashudu ya karanga, akasema tunamuuzia chakula cha ng'ombe kwa shilingi 5,000 gramu mia. Si wa kwanza kulalamika hivyo.

Yaji ni viungo vya Wahausa wa kaskazini mwa Nigeria, vya kuchomea tsire, ile nyama ya vijiti ambayo wengi wanaijua kwa jina la suya. Kinachobeba yote ni kuli-kuli: karanga zinakaangwa, zinasagwa, zinakandwa na kukamuliwa mafuta, kisha kinachobaki, ndiyo mashudu yenyewe, kinaviringwa na kukaangwa kwa mafuta yaleyale. Kinakuwa kikavu, kinavunjika kwa mlio. Ndipo kinatwangwa na tangawizi kavu, pilipili kali, chumvi, kimba (vile viganda vyeusi mnavyotuulizia) na karafuu, ambayo Kihausa ni kanumfari. Litamke polepole utasikia undugu, maneno yote mawili yametoka kwenye Kiarabu.

Sasa watu wanaona karanga ni karanga tu. Wanazikaanga, wanazitia kwenye blenda, wanachanganya na pakiti yetu ili izidi. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, jamani! Blenda inakupa rojo, rojo linadondokea makaa, moto unaruka, nyama inakuwa nyeusi nje na mbichi ndani. Mchoma mishkaki mmoja alifanya hivyo kwa kilo 12 za nyama ya shughuli. Aliokoa elfu kumi na tano ya viungo, akapoteza nyama ya zaidi ya laki, halafu akaja kunigombeza mimi. Nikamwambia, kaka, lete kopo lako. Nikamwaga kijiko chake na kijiko changu kwenye karatasi nyeupe. Changu kiliacha kivuli tu, chake kikalowesha karatasi mpaka mezani. Tukanywa chai.

Mwingine aliposikia neno mashudu akaenda duka la vyakula vya mifugo, akanunua ya alizeti. Nilikosa la kusema. Mashudu yale hukamuliwa pamoja na maganda, na hakuna aliyeyachambua akimfikiria mtu. Karanga zilizooza huwa na sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa moto wa jiko. Ndiyo maana kila gunia linapitia kwenye ungo: iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa, nje. Katika kilo 10 tunatupa moja, mvua ikizidi hata mbili. Baada ya kukamua tunabaki na kilo sita, ikizidi sana. Mafuta tunayauza, sikatai, lakini hayalipi mshahara wa wachambuaji.

Wanaosema yaji yetu inaungua hata bila kuchanganywa, tatizo ni jiko. Mjini Kano, Nigeria, karibu na soko la Sabon Gari, nilikojifunzia, vijiti husimikwa kuzunguka lundo la makaa, vimeinamia moto. Mzee wangu hakuwahi kulaza kijiti juu ya makaa hata siku moja. Kwenye jiko la mishkaki sogeza makaa upande mmoja, nyama ikae upande wa pili. Ikatwe nyembamba, ikaushwe, isirowekwe kwa ndimu wala papai, maana unga haushiki nyama iliyolowa. Paka mafuta ya karanga kidogo, kandamizia yaji kwa kiganja, acha saa moja. Nusu ya yaji weka pembeni, unyunyizie ikishaiva, na vitunguu vibichi. Ukinyunyiza yote mapema, karafuu inapotelea motoni.

Na kama mgeni wako hudhurika na karanga, usimpe hata kipande.

Yule wa pakiti mbili tumemrudishia pesa yake, kwa sababu hakuzifungua. Iliyofunguliwa haturudishi, na iliyochanganywa tusiletewe kabisa.