Risala ya Wazazi na Walezi wa Kituo cha Kulelea Watoto Wadogo Mchana, Tandahimba, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wazee wetu na wazazi wenzetu,

Assalaam alaikum. Tumsifu Yesu Kristo. Kwa heshima na taadhima tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako nyingi ukaja kukaa nasi.

Kituo hiki kilianzia chini ya mkorosho, kwa michango ya akina mama wa vikoba. Tangu hapo tumepiga hatua kubwa mno: choo cha matundu mawili kimekamilika, walezi wamepata mafunzo, uji haukosekani, na jengo limefika kwenye lenta. Hapo kwenye lenta, Mheshimiwa, ndipo tulipokwama.

Msimu wa korosho ukifika, mzazi anatoka alfajiri. Mtoto wa miaka mitatu anaachwa na dada yake wa miaka minane, au anafungiwa ndani peke yake. Akilia, majirani wanasema atazoea. Hazoei. Mtoto akiingiwa na hofu, mwili wake hutoa homoni ya kotisoli na moyo humwenda mbio. Mtu mzima akimbeba na kumbembeleza, mwili hutulia. Asipotokea mtu, siku baada ya siku, hofu ile huathiri ubongo unaokua, kinga ya mwili na hata moyo. Mwaka 1998 madaktari wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, na wenzao walionyesha kwamba watu waliopitia utotoni madhila ya aina nne au zaidi, kama kupigwa, kutukanwa au kuona mama akipigwa, wako hatarini zaidi kupata sonona, ulevi na maradhi ya moyo ukubwani. Hapa kwetu, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wagonjwa wa kesho wa hospitali zetu, Mheshimiwa, tunawalea leo.

Serikali yenyewe ililiona hili, ikazindua programu ya taifa ya malezi na makuzi ya mtoto Desemba 2021. Sisi kuta tumejenga. Tunaomba paa.

Wageni rasmi waliokutangulia waliahidi mabati katika uwanja huu huu. Tulipiga makofi na vigelegele, picha zikapigwa. Hatulaumu, majukumu yao yalikuwa mengi. Lakini mvua imeanza kumomonyoa matofali ya juu, na watoto walioahidiwa mara ya kwanza sasa wako shule ya msingi. Paa hilo halitawafaa tena.

Kwa unyenyekevu tunaomba mabati, mbao za kenchi na misumari. Fundi tutamlipa wenyewe. Tunaomba pia, kwa heshima zote, utakachoahidi kitajwe na tarehe yake, kiandikwe kwenye muhtasari wa leo, na utuachie jina la ofisa tutakayemfuata. Korosho zikianza kudondoka, watoto wawe ndani ya jengo hili.

Tunaomba kuwasilisha.