Risala ya Wanakikoba wa Sokoni kwa Mstahiki Meya, Siku ya Kuvunja Kikoba

Mstahiki Meya, Mgeni Rasmi wa shughuli yetu; Mheshimiwa Diwani wa Kata; Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa; Ofisa Maendeleo ya Jamii; viongozi wetu wa dini; mwenyekiti na wajumbe wa kamati ya soko; wanakikoba wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha mwisho wa mzunguko huu wa kikoba chetu cha kuweka na kukopeshana tukiwa wazima, na tunakushukuru wewe, Mstahiki Meya, kwa kukubali mwaliko wa akina mama na vijana wanaouza nyanya, dagaa, mitumba na vyombo, katika siku ambayo bila shaka ulikuwa na mialiko mikubwa kuliko huu.

Mstahiki Meya, muda mfupi uliopita umeshuhudia sanduku letu likifunguliwa. Umeona makufuli matatu, na umeona funguo tatu zilizokaa mwaka mzima kwa wanachama watatu wasio ndugu wala majirani. Kabla ya senti moja kutoka, mweka hazina alisimama akasoma daftari tangu ukurasa wa kwanza: hisa za kila mmoja, mfuko wa jamii, faini za wachelewaji, mikopo na riba yake. Kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa moja na jua lilikuwa kali, lakini hakuna aliyeinuka, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akisikiliza jina lake na akijumlisha kimoyomoyo. Tulikuomba ufike mapema makusudi ili ulione jambo hilo, kwa kuwa risala yetu inatoka humo humo. Tunaomba kuzungumzia fedha tunazoilipa halmashauri, na haki ya mlipaji kusomewa mapato na matumizi yake.

Tunapenda ieleweke tangu mwanzo kwamba sisi si wakwepaji wa ushuru. Kila asubuhi mkusanyaji hupita na mashine yake, na kila mwenye meza hutoa shilingi 500 akapewa kikaratasi. Mwenye meza anayefanya kazi siku 300 kwa mwaka huwa amelipa shilingi 150,000. Tangu mwaka 2023 nyumba ya kawaida mjini hutozwa kodi ya jengo ya shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani shilingi 1,500 zinazokatwa kila mwezi kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na jengo la ghorofa hutozwa shilingi 90,000 kwa kila ghorofa. Tunafahamu kwamba ushuru wa soko ni malipo ya huduma na kwamba kodi ya jengo ni kodi, na kwamba mambo haya mawili hayapimwi kwa mizani moja. Hata hivyo, meza ya mbao ya mama muuza nyanya inaingiza fedha nyingi kuliko sakafu nzima ya ghorofa, na mama huyo huyo, akirudi jioni kwenye chumba alichopanga, ndiye anayenunua umeme unaokatwa kodi ya jengo la mwenye nyumba wake. Ipo haki ya kurudishiwa fedha hiyo na mwenye nyumba, lakini ni wapangaji wachache wenye ujasiri wa kuidai kwa mtu anayeweza kuwaambia wahame.

Kwa kuwa ushuru wetu ni malipo ya huduma, tunaomba tuitazame hiyo huduma. Choo cha soko tunakilipia upya kila tunapoingia. Mfereji unaopita nyuma ya vibanda vya samaki umeziba, na kila masika maji yake hupanda hadi chini ya meza zetu, nasi huuza chakula cha watu tukiwa tumesimama ndani yake. Taka hukaa siku kadhaa kabla gari halijafika. Usiku taa zinazowaka ni zile tulizofunga wenyewe. Sote tuliona Soko Kuu la Kariakoo lilivyoteketea usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na tangu siku hiyo wapo wenzetu wasiolala usingizi wa kutosha, kwa maana soko letu halina hata bomba moja la kuzimia moto.

Mstahiki Meya, pengine utajibu kwamba halmashauri haina fedha za kutosha, na sisi hatuwezi kubishana nawe, kwa sababu hatujawahi kuonyeshwa hesabu. Tatizo letu limesimama hapo hapo. Wala si tatizo la uongozi wako peke yake. Lina umri mrefu kuliko wengi wetu tuliokaa hapa, na tunaomba uturuhusu tulifuate lilikotoka.

Wazee wa mkoa huu wa Dar es Salaam wanakumbuka kwamba kati ya mwaka 1972 na 1974 serikali za mitaa zilifutwa nchini kote, mabaraza ya miji yakaondolewa na kazi zao zikachukuliwa na watumishi waliopangwa na Serikali Kuu. Nia ilikuwa kuyapeleka maendeleo mikoani. Mijini matokeo yake yalikuwa mifereji isiyozibuliwa na taka zisizozolewa, mpaka kipindupindu kikaingia, na mwaka 1978 mabaraza ya miji yakalazimika kurudishwa. Sheria za mwaka 1982, ikiwemo Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, zikaupa mfumo huu sura tunayoijua leo. Hata hivyo, baada ya miaka kumi na kitu hivi Jiji la Dar es Salaam likawa limeelemewa tena: barabara zilijaa mashimo, sehemu ndogo sana ya taka ndiyo iliyokuwa ikizolewa, na makusanyo hayakulingana hata kidogo na ukubwa wa mji. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza, ikaundwa Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Tume ile ilifanya kazi ya kuonekana kwa macho, makusanyo yalipanda sana, na haki hiyo hatuwezi kuinyima. Lakini haikuchaguliwa na mkazi yeyote, na hesabu zake zilikwenda kwa waliokuwa juu yake. Mwaka 2000 muda wake ukaisha, zikazaliwa Manispaa za Kinondoni, Ilala na Temeke, na juu yao ikawekwa Halmashauri ya Jiji.

Halmashauri hiyo ilikuwa na Meya, Mkurugenzi, watumishi na vikao, ila haikuwa na eneo lake yenyewe, na manispaa zilikuwa zikichangia kuiendesha. Tarehe 24 Februari 2021 Rais John Magufuli aliivunja na kuipandisha Ilala kuwa Jiji, kwa hoja kwamba fedha za wananchi zilikuwa zikiishia kwenye posho badala ya miradi. Tulishangilia wengi siku ile. Baadaye, tulipotulia, tukajiuliza swali ambalo hadi leo hatujapata wa kutujibu: kwa miaka ile yote zaidi ya ishirini, posho hizo zilikuwa kiasi gani, na kwa nini sisi tuliozilipa tulizisikia siku zinapokomeshwa?

Wenzetu wa Nairobi nao wamepita njia hiyo. Baraza la jiji lao lilivunjwa mwaka 1983 likatawaliwa na Tume hadi mwaka 1992. Mwaka 2013 ikaja serikali ya kaunti. Mwaka 2020 majukumu makubwa ya kaunti hiyo yakahamishiwa kwenye chombo cha Serikali Kuu, na mwaka 2022 yakarudi. Madeni ya wazabuni yameendelea kusumbua kaunti hiyo katika mabadiliko hayo, na miongoni mwa wanaodai wamo wafanyabiashara wadogo waliouza bidhaa kwa mkopo wakiamini kwamba serikali haiwezi kuwadhulumu.

Tunachokiona katika historia hii, Mstahiki Meya, ni kwamba kila mara dawa imekuwa kubadilisha anayeshika funguo. Baraza likishindwa linaletewa tume, tume ikimaliza muda mji unagawanywa, na halmashauri iliyowekwa juu ya mji uliogawanywa nayo inavunjwa. Vitabu vya risiti vikachezewa, tukaletewa mashine za kielektroniki, na mashine zenyewe sasa zimekuwa sura ya kudumu katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye mwaka baada ya mwaka hukuta fedha zilizokusanywa kwa mashine na ambazo hazikufika benki. Katika hatua zote hizo hakuna aliyefikiria kumsomea daftari mama muuza nyanya.

Tunaiheshimu sana kazi ya Mkaguzi Mkuu. Katiba yetu, katika ibara ya 143, imempa mamlaka ya kukagua hata halmashauri, naye hukabidhi ripoti kwa Rais kila mwisho wa Machi, kisha ikawasilishwa bungeni mwezi Aprili. Lakini ripoti hiyo huja wakati mwaka wa fedha inaouzungumzia ulishafungwa miezi tisa nyuma, na aliyehusika huenda ameshahamishiwa halmashauri nyingine. Tena maumivu yake mara nyingi hutupata sisi tusio na hatia. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ile ya asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, ilisitishwa mwezi Aprili 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyolipwa, ikarudishwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi chetu kilikuwa kimeshajaza fomu. Mwanachama mmoja alikuwa ameshaweka oda ya jokofu la samaki. Tulisubiri zaidi ya mwaka kwa sababu ya vikundi ambavyo havikuwepo, lakini vilivyoandikwa katika orodha ambayo laiti ingebandikwa ukutani, mtu yeyote wa mtaani angesema siku hiyo hiyo kwamba watu hawa hatuwajui.

Kijijini nilikozaliwa, Mkutano Mkuu wa Kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, na mwenyekiti husimama mbele ya watu akasoma mapato na matumizi. Asiposoma, watu hupiga kelele hadi kwa Mkuu wa Wilaya. Kijiji kile chote, kwa mwaka mzima, hakikusanyi kiasi kinachotoka katika safu moja tu ya meza zetu. Sisi wa mjini, tunaolipa zaidi na tunaolipa kila siku, hatusomewi. Tukiuliza, mkusanyaji hutuelekeza ofisini, ofisi hutuambia kwamba taarifa zimo katika mfumo, na mfumo huo mlipaji hana namna ya kuufungua.

Kwa hiyo, Mstahiki Meya, ombi letu ni moja na tumelipima kwa uangalifu lisije likaonekana kubwa kuliko uwezo wa ofisi yako. Tunaomba kila baada ya miezi mitatu libandikwe kwenye lango la soko hili tangazo lenye mistari mitatu: kiasi kilichokusanywa hapa, kiasi kilichofika benki, na kiasi kilichorudi sokoni pamoja na kazi kilichofanya. Kisha Ofisa Masoko au Mweka Hazina aje siku hiyo, asimame pale mweka hazina wetu aliposimama leo, na ajibu maswali kwa nusu saa. Halihitaji bajeti mpya wala kubadili sheria. Wafugaji wameshawekewa utaratibu kwamba asilimia 15 ya mapato yatokanayo na mifugo irudi kuendeleza sekta yao. Nasi tutafurahi baraza lako likifikiria asilimia yetu, lakini hatutaki kutangulia kudai asilimia ya kitu tusichokijua ukubwa wake. Tukishaona mistari ile mitatu, mazungumzo ya choo, mfereji na bomba la zimamoto yatakuwa mafupi, kwa sababu sote tutakuwa tunatazama hesabu ileile. Ikiwa hesabu itaonyesha kwamba kweli fedha haitoshi, sisi wenyewe tutakuwa wa kwanza kujadili ushuru upande au tuchangie nguvukazi ya kuzibua mfereji. Tumewahi kuchanga kwa ajili ya taa, na hatukulalamika.

Mstahiki Meya, pamoja na risala hii katibu wetu anakukabidhi daftari lenye jalada la bluu. Wanachama wa kikoba hiki wameandika humo ushuru walioulipa tangu mzunguko ulipoanza, siku kwa siku, na vikaratasi vya mashine vimegundishwa kila ukurasa. Baadhi vimeanza kufifia maandishi, ndiyo maana tumeandika tarehe na kiasi kwa kalamu pembeni. Tunaomba Mweka Hazina wa halmashauri alilinganishe na taarifa zake, kisha alirudishe kwetu akiwa ameandika katika ukurasa wa mwisho, ambao tumeuacha wazi, jumla aliyoipata yeye.

Tunakutakia afya njema na kazi njema. Naomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu Msaidizi kwa niaba ya wanakikoba wote.