Kabla mtuletee kocha wa makombe, tuulize wachezaji wake wako wapi

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa gazeti lako niseme kuhusu hii stori ya kocha wa basketi yenye imetugawanya hapa Kisumu, angalau sisi wenye tunafuata mpira wa vikapu wa vyuo. Kuna chuo kimoja huku kwetu, jina sitataja na wenye wanakijua wanakijua, kimekaa bila kocha tangu yule mzee astaafu na sasa kamati inatafuta mwingine kabla msimu uanze. Majina yamebaki mawili. Wa kwanza ni mtu wa makombe, kila mahali amepita ameacha kabati imejaa, lakini pia kila mahali amepita ameacha maneno: wachezaji wenye hakuna mwalimu anawajua darasani, kadi ya mwanafunzi yenye ukiiangalia vizuri unaona picha imebandikwa juu ya picha nyingine, na mambo ya mtu kuchezea vyuo viwili msimu mmoja kwa majina mawili. Wa pili ni mwalimu wa kawaida tu, timu yake ikijitahidi sana inafika robo fainali, lakini vijana wake wanamaliza kozi.

Kwa grupu ya WhatsApp ya wanafunzi wa zamani karibu kila mtu anataka wa kwanza. Ati tumechoka kulimwa na timu za Nairobi, ati kila mtu anaiba kwani sisi ni malaika, ati kombe kwanza hayo mengine tutaongea baadaye. Na mimi siwacheki. Nimekaa kwa hilo jua la Kisumu la saa nane, koti ya simiti, laini za rangi zishafutika hadi refa anakisia mahali pointi tatu inaanzia, timu yetu iko nyuma pointi thelathini na wale wageni wanatoa wachezaji wao wazuri wakapumzike. Inauma. Mtu akikuambia ako na dawa ya hiyo aibu huanzi kumuuliza dawa imetoka wapi.

Lakini hii biashara ya kocha mshindi mwenye mikono haiko safi haikuanza Kisumu. Wamarekani wameijaribu miaka mingi kwa basketi ya vyuo vyao, kwa pesa zenye sisi hatuwezi kuota, na matokeo yako wazi kwa yeyote mwenye kutaka kuyasoma. Sisi wenye tunaamka saa kumi alfajiri kuangalia fainali yao mwezi wa nne tunawajua hao makocha kwa majina, kwa hivyo wacha nitaje.

Anza na John Calipari. 1996 alifikisha Chuo Kikuu cha Massachusetts nusu fainali, kwa timu nne zilizobaki nchi nzima. Baadaye ikajulikana nyota wake Marcus Camby alikuwa amepokea pesa na zawadi kutoka kwa maajenti, NCAA, yaani wale wasimamizi wa michezo ya vyuo, ikafuta matokeo ya chuo kwa hayo mashindano. Wakati hukumu inafika Calipari ashaenda NBA, ile ligi ya kulipwa, kufunza New Jersey Nets. Akarudi vyuoni, 2008 akaingiza Memphis fainali, wakapigwa na Kansas kwa muda wa ziada, halafu mtihani wa nyota wao Derrick Rose wa kuingia chuo ukabatilishwa na ushindi wote 38 wa msimu huo ukafutwa. Hiyo ilikuwa 2009, na Calipari wapi? Ashahamia Kentucky, na 2012 akabeba ubingwa huko. Haki iwe haki, mara zote mbili NCAA haikumpata yeye mwenyewe na kosa. Sawa. Lakini angalia nani alibaki pale bili ilipofika. Ni kama mpangaji amehama usiku, stima na maji anaachia mwenye anaingia.

Rick Pitino naye alishinda ubingwa wa 2013 na Louisville. Ikatokea kwamba mfanyakazi mmoja wa timu alikuwa analeta wanawake wa kulipwa hosteli kuwafurahisha vijana wenye chuo kilikuwa kinawatafuta, wengine walikuwa bado wa sekondari, na 2018 lile kombe likafutwa, bango likashushwa pale uwanjani. Pitino alikuwa ashafutwa kazi 2017 kwa kesi nyingine yenye FBI waliingilia, na baadaye hiyo ya pili akasafishwa. Akaenda Ugiriki, akarudi, saa hii ako St. John's na 2025 wameshinda konferensi yao, yaani kundi la vyuo vinavyocheza ligi moja, inaitwa Big East. Mzee ako poa kabisa. Wachezaji wa 2013 je? Baadhi yao, Luke Hancock na yule Msenegali Gorgui Dieng wakiwemo, ilibidi waende kortini kudai majina yao yasafishwe, wakasikizana na NCAA 2019 na rekodi zao binafsi zikarudishwa. Kombe halikurudi. Vijana wenye hawakukosea chochote wanatafuta wakili juu ya mechi walicheza na jasho lao!

Halafu kuna ya Baylor, Texas, na hii mtu yeyote wa kamati ya kuajiri angefaa aisome polepole. 2003 mchezaji wao Patrick Dennehy aliuawa, akapigwa risasi na mwenzake wa timu. Uchunguzi ulipoanza ikawa hatari kwa kocha, Dave Bliss, kwa sababu alikuwa anamlipia Dennehy karo kinyume cha sheria na hakutaka ijulikane. Unajua alifanya nini? Aliwaambia wachezaji wake na wasaidizi waseme Dennehy alikuwa anauza madawa, ndio ionekane pesa ya karo ilitoka huko. Kijana ashakufa, hawezi kujitetea, familia yake bado inalia, na kocha wake anamtengenezea jina la mhalifu ili kazi isipotee. Iligundulika juu msaidizi mmoja, Abar Rouse, alimrekodi kisirisiri. Na usidhani Rouse alipewa maua, makocha wakubwa walimwona msaliti na milango ya vyuo vikubwa ikamfungia. Bliss naye adhabu ilipoisha alipata kazi tena kwa chuo kidogo huko Oklahoma.

Baylor wakaajiri Scott Drew mwaka huo huo. Alikuta timu imebomoka, na msimu wa 2005 hadi 2006 wakazuiwa kucheza mechi zozote nje ya konferensi yao, yaani nusu msimu mko tu mnafanya mazoezi. Ilichukua hadi 2021 ndio wakashinda ubingwa, wakaichapa Gonzaga 86 kwa 70, na Gonzaga haikuwa imepoteza mechi hata moja msimu mzima. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi. Na Drew si mtakatifu pia, 2012 chuo kilipigwa adhabu ya kupigia na kutumia vijana meseji kupita kiasi, yeye akasimamishwa mechi mbili. Sasa mimi nikipewa nichague kati ya kocha wa meseji nyingi na kocha wa kumsingizia maiti sihitaji kamati.

Hapo ndio kuna wale watasema, lakini hizo sheria zenyewe zilikuwa za kijinga. Ni kweli, sikatai. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo Marekani anaruhusiwa kupata pesa kwa jina lake, na tangu 2025 chuo chenyewe kinaweza kumlipa, kwa hivyo mengi yenye watu walifutiwa kazi juu yake leo ni halali. Kocha Kelvin Sampson aliondoka Indiana 2008 kwa sababu ya simu za kutafuta wachezaji kinyume cha sheria, akafungiwa miaka mitano, na hizo sheria za simu zikalegezwa baadaye. 2025 alikuwa fainali na Houston, wakapoteza kwa Florida 65 kwa 63, na sikuona mtu akilalamika ati asiwe pale. Mimi mwenyewe nilikuwa nataka ashinde. Kuna kosa la kuvunja sheria yenye kesho itabadilishwa, na kuna kosa la kumtumia kijana halafu kumtupa. Hilo la pili hakuna kikao cha NCAA kitalihalalisha. Na usichanganye uadilifu na vitabu kuwa sawa peke yake, Bob Knight wa Indiana alishinda ubingwa mara tatu, hakuna mtu alimshika akinunua mchezaji, wengi wa vijana wake walihitimu, na bado alitimuliwa 2000 juu ya kuwadhulumu watu. Kwa hivyo hata huyu mwalimu wetu wa robo fainali aulizwe vile anaongea na vijana wakikosa fri-throo.

Sasa turudi nyumbani. Kuna kijana namjua pale Kondele, anaendesha boda. Ni mrefu mpaka magoti yanagusa hendo, abiria humcheka. Alitolewa kijijini na kocha mmoja, si lazima awe huyu wetu, akaahidiwa karo na hosteli, akaambiwa mambo ya usajili yataandaliwa wewe njoo na viatu. Alicheza misimu miwili, wakashinda, akaumia goti, kocha akapata kazi kwingine. Kwenda kwa msajili kuuliza masomo yake anaambiwa hakuna mwanafunzi kama huyo. Alinionyesha cheti alichopewa kwa mashindano, amekiweka kwa karatasi ya plastiki ndio kisiloe. Muhuri upo, sahihi ipo, jina ni la mtu mwingine. Huyo mwingine alikuwa mwanafunzi kweli lakini hajui hata kudunda mpira. Hiyo timu ilipigiwa makofi, wakapigwa picha na wakubwa, na kombe liko kwa ofisi fulani hadi leo. Medali yake ako nayo, lakini huwezi kupeleka medali mahali pa kuomba kazi ukaulizwa jina.

Kwa hivyo wale wanasema kombe kwanza nawauliza, nani analipa? Kocha halipi, ashapanda gari. Mwenyekiti wa kamati halipi, ashapiga picha. Chuo kikishikwa kinafungiwa na timu inayofuata, ya watoto wenye hawakuwa hata wameingia fomu foo wakati huo, ndio inakaa nje. Ati ushindi utaleta wafadhili, labda, lakini mfadhili akisikia mamluki anakimbia kuliko alivyokuja.

Na kinachonishangaza zaidi ni kwamba huku kwetu hatuna shida ya vipaji hata kidogo. Maseno School, Agoro Sare, Butere Girls, hizo shule zimezaa wachezaji miaka na miaka, halafu wakimaliza fomu foo wanaenda Nairobi kwa sababu vyuo vya huku haviwapi sababu ya kubaki. Kocha mwenye akili angeanzia hapo. Angeenda Maseno Jumamosi akae chini ya mti aangalie mechi, aongee na mzazi, amwambie mwanao atasomea kozi fulani, karo tutasaidia kiasi fulani, na hii hapa ni nambari yake ya usajili. Hiyo si kazi ngumu, ni ya polepole tu, na sisi tunataka kombe la mwaka huu.

Nasikia kamati inakaa wiki ijayo. Pendekezo langu ni kabla hawajafungua hiyo faili ya makombe, kila mmoja wa hao wawili aambiwe alete majina ya wachezaji wake wa misimu minne iliyopita na nambari zao za usajili, halafu mtu wa ofisi ya msajili, si wa ofisi ya michezo, apige simu kwa hivyo vyuo aulize wangapi walimaliza, wangapi walipotea, na wangapi hawakuwahi kuwa wanafunzi. Mwenye anaogopa hiyo orodha ashajibu. Na yeyote atakayechukuliwa, kwa mkataba iandikwe kwamba bonasi haiko kwa makombe peke yake, iko pia kwa vijana wenye wamehitimu, na akichezesha mamluki anarudisha pesa yote hata kama ashahamia chuo kingine. Mawakili wako, waandike.

Na wale wa grupu wenye wanapiga kelele hadi usiku wa manane, ofisi ya dean wa wanafunzi inapokea maoni kwa barua mpaka Ijumaa. Mimi yangu nishapeleka.

Mzazi na sapota wa vikapu,
Kisumu.