Kwa mdogo wangu mwenye pleteleti 38,000 na mimba ya miezi sita

Mdogo wangu,

Ile picha ya majibu uliyonitumia jana usiku, namba ya pleteleti, zile chembe za kugandisha damu, imezungushiwa kalamu nyekundu, niliitazama sana maana na mimi niliwahi kushika karatasi kama hiyo tumbo likiwa la miezi hiyohiyo. Mimi nilianza na vidoto vyekundu kwenye ugoko, nikadhani ni joto, hadi asubuhi moja nikapiga mswaki povu likatoka la pinki.

Kwanza hujakosea kula. Watu watakwambia huna damu wakuletee vitu vya kuongeza damu, lakini wingi wa damu ni habari nyingine, hapa ni ITP, yaani kinga ya mwili wako inazitia alama pleteleti kama adui halafu bandama inazimaliza kabla ya siku zake. Na daktari kukwambia tusubiri hajakupuuza jamani, kama hutoki damu na uko juu ya 30,000 wengi wanafuatiliwa tu kwa vipimo, ila karibu na kujifungua wanataka angalau 50,000, na ganzi ya mgongo mara nyingi wanataka 70,000 kwenda juu.

Mi walinianzishia prednisoloni, dawa ya kutuliza hiyo kinga. Uso ulivimba, usingizi ukakata, nikawa namlilia shemeji yako bila sababu, na sukari na presha ikabidi zipimwe kila mara. Ukipewa usiache ghafla hata ukijisikia vibaya vipi, rudi waipunguze wenyewe. Wiki za mwisho nikatundikiwa dripu ya immunoglobulini, kingamwili za kupandisha pleteleti, siku ya tatu nikasoma 71,000 nikalia tena, ila hiyo haikai sana ndo maana wanaipigia hesabu na siku ya uchungu.

Sasa hili nakuomba sana, kila anayekugusa mwambie. Mgongo uliwahi kuniuma nikaenda mahali, nesi akavuta sindano ya maumivu, diklofenaki, bila kuniuliza kitu, nikamshika mkono. Hizo na ibuprofeni usiguse, zinadhoofisha hizohizo pleteleti chache ulizonazo, aspirini pia labda daktari anayejua namba zako akuandikie mwenyewe. Na kichwa kikigoma kupoa, macho yakiona ukungu au chini ya mbavu za kulia pakauma, nenda usiku huohuo, kifafa cha mimba nacho kinashusha pleteleti.

Upasuaji si lazima kisa namba, ila waambie mapema mtoto asivutwe kwa vakyumu, kile kikombe cha kunyonya kichwa, na damu ya kitovu ipimwe. Watoto wengi wanatoka salama, wachache pleteleti zao zinakuwa chini, na zinaweza kushuka zaidi siku ya pili hadi ya tano kwahiyo usikubali kuruhusiwa harakaharaka. Wa kwangu alizaliwa analia vizuri kabisa, siku ya tatu akasoma 64,000, tukabaki wodini namwangalia ngozi kila nikimbadilisha nepi hadi siku ya sita, 120,000, ndo tukatoka.

Ukitoka kliniki nipigie, hata kama bado namba ni ileile.

Dada yako